Siku Isiyo na Mwenyewe

Leo ni Alhamisi. Jana ilikuwa Jumanne.

Usianze kuhesabu vidole, nimeshahesabu mimi. Nimehesabu vya kwangu, nikaazima vya shangazi aliyekaa hapa kando yangu mkekani, na kila nikifika cha tano nakuta kipo ila hakina jina. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Halafu kidole. Halafu Alhamisi.

Zamani nilidhani siku hazina mtu anayezitoa. Unalala, unaamka, unaikuta uani inakungoja kama kuku. Hujaiomba, hujaishukuru. Ukiipoteza hukaripiwi, kesho inaletwa nyingine. Sasa najiuliza, na swali hili limenikaa kifuani tangu alfajiri: aliyelala akaamka, asubuhi kapewa na nani? Kama yupo aliyempa, basi yupo anayeweza kumnyima. Na kama yupo anayeweza kumnyima, huyo mtu miaka yote hiyo alikuwa anaishi kwake, au alikuwa anaishi kwa watu?

Kwa watu. Naona ni kwa watu. Mama aliishi kwa watu na hakuambiwa.

*

Kazi yangu ni chai. Naigawa katika Ukumbi ambamo wabunge wa nchi yetu hukalia kamati zao, na ukiingia humo mara ya kwanza utapotea, maana milango yake haikai mahali pamoja. Asubuhi mlango wa jikoni uko nyuma ya kiti cha Mwenyekiti, adhuhuri umehamia penye dirisha. Mimi nimezoea, nafuata harufu ya tangawizi. Nyuso za wabunge nazo hazikai. Unammiminia mtu chai mwaka mzima, mwaka unaofuata kiti kilekile kina uso mwingine na sauti nyingine. Nikajifunza kuwatambua kwa sukari. Vijiko vitano ni Mheshimiwa Chilewa, awe na uso wowote. Vijiko viwili, halafu anakoroga muda mrefu bila kunywa, ni Mwenyekiti. Kijiko kimoja, tena anachota mwenyewe, hataki kuchotewa, ni Mheshimiwa Kalunde, mbunge wa kwetu, milima ya Ukwamba.

Mwanamke huyo alinijua kwa jina. Posho ya kikao ikitoka alikuwa akinikunjia nauli kiganjani, ananifunga vidole. "Kamwone mama, Nyamizi. Mwambie namsalimu." Basi. Hakutaka nimshukuru. Nikianza kushukuru ananiuliza kama tangawizi imekwisha.

Ukumbini pana desturi moja ambayo mgeni haiwezi. Karatasi ya majina haina kichwa. Katibu wa kamati, Mzee Tindwa, huchora mistari kwa rula, moja mpaka thelathini, na juu anaacha weupe wa vidole vinne. Majina hutiwa kwanza. Kichwa huandikwa baadaye, ikishajulikana majina yale yalikuwa ya nini. Mahudhurio. Mchango wa msiba. Safari ya mafunzo. Mwaka mmoja karatasi iliyopita kama mahudhurio ilitokea kuwa salamu za pole kwa mgonjwa, watu wakacheka, mgonjwa akapona. "Majina ndiyo kazi," Mzee Tindwa aliniambia siku ya kwanza. "Kichwa hakikosekani." Na aliyepewa kuizungusha ni mimi, pamoja na chai, kwa sababu mtu mwenye kikombe mkono wa kushoto husaini upesi ili apate kunywa. Nimeizungusha miaka sita. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kusoma nasoma, na weupe nauona. Sikuwahi kuuliza.

Nataka hili lijulikane kabla sijaendelea. Niliuona weupe. Sikuuliza.

*

Mvua ilikuwa imetuacha misimu mitatu. Ardhi ya nchi yetu ilipasuka ikawa kama kisigino cha mwanamke anayeuza kuni. Na ng'ambo ya maji yote liko Ghala Kuu, ambako mvua za dunia hutunzwa kwenye matangi, na nchi yenye kiu hukopeshwa. Kila mwaka Ghala Kuu hutuma mjumbe. Mwaka huu alikuwa mwanamke mpole mwenye sweta, joto lile lote na sweta, anazungumza lugha yetu polepole kama anayetembea juu ya mayai. Mwaka jana alikuwa mwanamume. Mwaka juzi, sijui. Hao siwezi kuwatambua kwa lolote. Wanakunywa maji ya moto matupu.

Jumatatu, kamati yote imekaa, mjumbe akaeleza.

"Tutawapa mvua ya misimu kumi," alisema. "Hatutaki dhahabu yenu, hatutaki ng'ombe wenu. Tunaomba siku moja katika juma."

"Siku moja ya kufanya nini?" akauliza Mheshimiwa Chilewa.

"Siku yenyewe."

Nilisikia sukari ikiyeyuka.

"Ninyi mna siku nyingi kuliko mvua," mjumbe akaendelea, na macho yake, Mungu ni shahidi, yalikuwa na huruma. "Sisi tuna mvua nyingi kuliko siku. Kwetu juma sasa lina siku nane, na bado kazi haziishi. Mwenye hiki ampe mwenye kile. Huu ndio ushirikiano wa dunia. Kamati yenu ina uhuru kamili wa kuchagua siku."

Uhuru kamili! Wabunge wakaketi wima. Muda mrefu hawakuwa wamechagua kitu.

"Ijumaa msiiguse," akasema Chilewa. "Mnataka nikaulizwe nini kaburini?"

"Na Jumapili?"

"Iguseni Jumapili muone mama zetu wa kwaya. Mtatafuta pa kupita."

"Jumamosi?"

"Jumamosi namwoza binti! Kadi zimeshatoka, Mwenyekiti, nawasihi."

"Basi Jumatatu. Hiyo hata mimi naichukia."

Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Kisha Mwenyekiti akaacha kukoroga. "Waheshimiwa, vikao vyetu ni Jumatatu na Jumanne. Tukizitoa, tutakaa lini?" Kicheko kikakatika kama uzi. Alhamisi ilikuwa na gulio la jimboni kwa Mwenyekiti mwenyewe, na hakuna aliyehitaji kukumbushwa.

"Jumatano ina nini?" mtu akauliza.

Wakatazamana. Wakatazama dari. Chilewa akahesabu kwa vidole, akafika cha tano, akakishika akikigeuzageuza kama anayechagua nyanya.

"Haina kitu," akasema. "Imekaa tu pale katikati. Haina mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimesimama ukutani na birika. Mwenyewe ni mimi, nikasema. Nilisema moyoni, mhudumu hana kipaza sauti. Mama yangu damu yake haikai. Inamwagika ndani kwa ndani, kama maji kwenye chungu chenye ufa, na juma likizunguka chungu ni kikavu. Kila Jumatano gari la zahanati hupanda Ukwamba na chupa moja ya damu ya kundi lake. Anaongezewa, anapata rangi, anaanza kuwasema majirani. Jumanne inayofuata anakuwa kama jivu, hata kusema hawezi, anangoja. Hayo ndiyo maisha ya mama: kungoja Jumatano.

Mheshimiwa Kalunde akabonyeza kipaza sauti chake.

"Mwenyekiti, Jumatano ina wenyewe. Gari la zahanati linapanda kwetu Jumatano."

"Si linaweza kupanda Alhamisi, mheshimiwa?"

"Alhamisi linapanda Mtwana. Ijumaa liko bondeni. Gari ni moja, Mwenyekiti, na dereva ni mmoja, na hata yeye ana mgongo."

"Wangapi wanalingoja huko kwako?"

Kalunde akanitazama. Ukumbi mzima ukageuka kuona anatazama nini, wakaona birika.

"Hata kama ni mmoja," akasema.

Wakapiga meza kumpongeza. Walipiga kwa nguvu, walipenda sana namna alivyolisema. Mjumbe naye akaandika kitu. Kisha wakaendelea na Jumatano.

*

Jumanne. Mkataba uko mezani, umefungwa utepe. Sheria ya Ghala Kuu ni kwamba kamati nzima ikubali, asibaki hata mmoja. Kalunde akasimama mbele ya wote. "Sisaini. Mvua naitaka, watu wangu wanakufa kiu. Lakini sisaini kumtoa mtu ili wengine wanywe. Tutafuteni njia nyingine, tuko hapa kwa ajili hiyo." Akatoka kwenda kusimama kwenye kivuli cha nguzo.

Nilifurahi. Nilijifungia stoo ya vikombe nikalia kwa furaha.

Kikafika kipindi cha chai. Mzee Tindwa akaniita, akanipa karatasi ya majina.

"Limebaki jina moja. Mpelekee mheshimiwa wako."

"Amesema hasaini, mzee."

"Mkataba, binti yangu. Mkataba ndio amekataa. Haya ni mahudhurio. Asipotia sahihi, posho yake ya leo haitoki, mimi nifanyeje?"

Nikaishika. Majina ishirini na tisa. Juu, weupe wa vidole vinne.

Hapo ndipo ninaporudi kila nikifumba macho. Narudi pale kwenye zulia, kati ya meza ya Tindwa na nguzo ya Kalunde, hatua labda kumi na tano, na katika kumbukumbu yangu hatua zile haziishi, natembea mpaka nywele zinakuwa nyeupe, natembea na karatasi na kikombe, na katika kila hatua naweza kusimama. Hakuna aliyenisukuma. Nilikuwa nawaza nauli. Nilikuwa nawaza kesho Jumatano, gari litapanda, nami nitakuwepo, nitamshika mama mkono wakati damu inaingia, atanisema kwa kukonda. Basi kwa mapenzi hayo nikazimaliza hatua kumi na tano.

"Mheshimiwa, mahudhurio. Limebaki lako."

Alichota sukari yake kijiko kimoja. Alitazama karatasi, akanitazama mimi.

"Mama anaendeleaje?"

"Ni Jumanne, mheshimiwa."

"Ndiyo." Akaishika kalamu. "Haya. Ili upate nauli."

Akaandika jina lake, lote, kwa mwandiko wake mzuri wa mviringo.

*

Baada ya chai Mzee Tindwa alijaza weupe. Sikumwona akiandika, nilisikia tu kalamu. Kisha akabana karatasi nyuma ya mkataba, na Mwenyekiti akasoma: "Sisi tuliotia majina hapa chini tumeridhia."

Kalunde alisimama mpaka kiti kikaanguka. "Nilisaini kwamba nipo! Tindwa! Nilisaini kwamba nipo tu!"

"Majina yametimia," Mwenyekiti akasema, hamtazami.

"Mzee Tindwa, sema."

Mzee Tindwa alikuwa anafuta rula yake kwa leso, upande huu, upande ule. "Mimi naandika kichwa ninachopewa, mheshimiwa. Mwaka wa thelathini na moja huu."

Mjumbe wa Ghala Kuu akainuka, akamwendea Kalunde, akamshika bega. Sikuona ubaya usoni mwake. Nimeutafuta sana, ningepumzika kama ningeuona. "Samahani," alisema. "Kwetu pia ni hivyo. Aliyekuwepo amekubali. Asiyekubali, hakuwepo."

Nikawa na birika mkononi, na maneno yale yakaniingia yakakaa. Maana mimi nami nilikuwepo. Miaka sita, kila kikao, ukutani. Nilikuwepo kuliko wote. Jina langu halikuombwa kwenye karatasi yoyote, na bado, kwa hesabu ya yule mjumbe, hakuna nilichowahi kukataa.

Akagonga muhuri. Nikaenda nyumbani. Nikalala Jumanne.

*

Nikaamka Alhamisi. Redio ya jirani ikasema hivyo, Alhamisi, kwa sauti ya kawaida, na mtu akaanza kufagia. Kwenye kalenda ya ukutani miraba ilikuwa imesogeleana, huwezi kuona palipokatwa.

Mlango ukagongwa. Kalunde, bila kilemba, na gari lake linaunguruma nje.

"Vaa viatu. Tunapanda."

Barabara ilitupita yenyewe. Nyumba nilizozijua zilikuwa upande usio wao.

"Shikamoo, mheshimiwa," nikasema hatimaye, kwa sababu nilikuwa sijamwamkia.

"Marahaba. Usiniite hivyo. Niite dada Kalunde. Uheshimiwa nimeuacha kwenye ile karatasi."

"Dada. Niliuona weupe."

"Na mimi niliuona."

"Sasa mbona ulisaini?"

"Kwa sababu yako, usikose nauli. Mbona uliniletea?"

"Kwa sababu ya mama."

Akacheka, kicheko kibaya, kikaishia puani. "Unaona? Hakuna hata mmoja wetu aliyefanya kwa chuki." Akabadilisha gia. "Ningejua wanatuua kwa chuki, ningejua pa kupiga."

Kabla ya mlima wa mwisho, mvua ikaanza. Ilikuja kweli. Waliahidi na wakaleta, siwezi kusema uongo. Matone makubwa, ya vuguvugu, yenye harufu ya nyumba za watu wengine. Bondeni watu walitoka wanakimbia, wanawake wanapiga vigelegele, wazee wamekinga makofia, watoto uchi. Mwanamke mmoja alilikumbatia gari letu, akabusu kioo, akamtambua Kalunde, akapiga kelele: "Mbunge wetu! Ahsante mama! Ahsante!" Kalunde alishika usukani kwa mikono miwili akatazama mbele. Machozi yalimshuka naye hayafuti, na yule mwanamke akadhani ni ya furaha, akalia pamoja naye.

*

Mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Kabla sijashuka nilijua. Wanawake hawakai hivyo, miguu imenyooshwa, kwa jambo jingine.

Shangazi yangu Tumbe, dada yake baba, ndiye aliyekuwa naye. Alinikalisha, akaniambia kila kitu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejitetea.

"Huko mjini mlilala mkaamka. Sisi huku hatukulala, mgonjwa hakutuachia. Basi kukakucha. Lakini jogoo hakuwika, mwanangu. Ukaja mwanga hivi, mrefu, mweupe, hauna asubuhi hauna jioni. Mama yako akaniuliza, wifi, leo siku gani? Nikafungua mdomo. Jina halikuja. Akasema, si leo wanakuja? Nikamwambia wanakuja. Akageukia njia. Tukakaa. Akauliza tena, wifi, si leo? Nikasema ndiyo hii. Ndiyo hii, wifi. Mara ya tatu hakuuliza."

Nilimwosha mimi. Alikuwa mwepesi kama kapu. Uso umegeukia njia, na shingo haikutaka kurudi.

Tumemzika mchana huu mvua inanyesha. Waliotoka kaburini wakarudi na viatu vizito, wakakaa barazani, na hapo ndipo tulipojua kwamba msiba wetu una kasoro. Bibi mmoja aliuliza, kama wanavyouliza siku zote, kitanga cha msiba tunakiondoa lini. Siku tatu tangu afe. Tangu lini? Watu wakaanza kuhesabu vidole. Tukafika penye kidole. Tukarudi nyuma. Kama haikuanza, haiwezi kuisha. Arobaini yake itaangukia wapi? Shangazi akasema basi tukae tu. Wakakubaliana, bila mabishano, kwamba tutakaa tu.

Kisha akaja mtendaji wa kijiji, amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, na fomu ya vifo.

"Poleni. Alifariki siku gani?"

"Jumatano," nikasema.

Akaigeuza fomu nione. Ilikuwa na vyumba sita. "Dada yangu, mimi siyo ninayezichapa. Andika Jumanne."

"Jumanne alikuwa hai. Alikuwa anangoja."

"Alhamisi, basi."

"Alhamisi alikuwa ameshapoa."

Alifuta maji usoni, kijana wa watu. "Bila siku siwezi kumwandika kwamba amekufa. Nikimwacha, atasomeka kwamba yupo."

Yupo. Nikamkumbuka mjumbe na sweta lake. Aliyekuwepo amekubali. Basi mama yangu atabaki kwenye madaftari yao, yupo, anaridhia, kila mkataba utakaopita, mwaka hadi mwaka, yule ambaye maisha yake yote aliomba siku moja tu katika saba. Na huenda kweli yupo. Huenda ng'ambo ya maji, ndani ya siku yao ya nane, kuna mwanamke kama jivu amekaa kwenye ngazi za Ghala Kuu, wanampita na kazi zao, wanadhani ni kivuli, naye amegeukia njia.

Mtendaji akafungua mkoba wake. "Angalau waliohudhuria msiba tuwaorodheshe. Tieni majina." Akatoa karatasi iliyopigwa mistari kwa rula. Akaiweka mkekani. Juu ameacha weupe.

Shangazi alikuwa ameshashika kalamu. Alikuwa ameshaweka ncha penye mstari wa kwanza, kwa adabu, kama tunavyofanya sote.

Nikamshika mkono.

"Shangazi, ngoja."

"Nini? Ni majina tu, mwanangu."

"Ngoja."

Nikachukua kalamu. Mkono wangu si wa kuandika, ni wa kubeba, na mvua ya mkopo ilikuwa inapenya makuti inadondokea karatasi. Nikaandika kichwa, kwa herufi kubwa za shuleni: JUMATANO. AMEFARIKI AKINGOJA. SISI HATUKURIDHIA. Niliisoma kwa sauti mara mbili, kwa ajili ya wasiojua kusoma, kisha nikampa shangazi, akaandika. Karatasi ikaenda mkono kwa mkono. Bibi zetu wakaweka dole gumba. Mtendaji alitazama pembeni, halafu naye akainama akaandika lake, dogo, mwishoni mwa ukurasa.

Ikamfikia Kalunde. Aliishika muda mrefu. Wino wa juu ulikuwa umeanza kutambaa.

"Hapa nasaini nini?" akauliza.

Nikamsomea tena.